Usharika wetu ulianza mwaka gani? Jibu kwa katibu wa kamati ya jubilei

Swali: Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni katibu wa kamati ya jubilei katika usharika mmoja wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), Machame, mkoani Kilimanjaro. Wazee wanasema kanisa letu lilianza mwaka 1926, kwa hiyo tunajiandaa kwa sherehe ya miaka 100. Jiwe la msingi ukutani limeandikwa 1934. Ofisini kuna barua inayosema tulipewa hadhi ya usharika mwaka 1961, kabla ya hapo tulikuwa mtaa wa usharika jirani. Baraza la Wazee limetupa miezi kumi tuandike kitabu cha historia cha kurasa 60. Mwaka upi ndio sahihi, na tuanzie wapi?

Jibu: Amina, ndugu katibu. Huenda miaka yote mitatu ni sahihi, maana kila mmoja unajibu swali lake. 1926 unasema watu walianza lini kukusanyika na kufundishwa hapo. 1934 unasema jengo fulani lilianza kujengwa lini. 1961 unasema lini mliacha kuwa mtaa na kuanza kuwa na baraza, hazina na vitabu vyenu wenyewe. Kamati nyingi hugombana kwa sababu mmoja ameshika tarehe ya jengo, mwingine tarehe ya barua, na wote wanaiita "mwaka wa kuanzishwa". Kabla hamjafungua hata daftari moja, andikeni maswali hayo matatu kwenye karatasi, na kila tarehe mtakayoipata iwekwe chini ya swali lake.

Hata misheni kubwa za mlimani zina utata huohuo. Old Moshi, Waanglikana wa CMS, misheni ya Uingereza, walifika mwaka 1885 wakaondoka 1892, baada ya vita kati ya Mangi (mtawala wa Kichagga) Meli na Wajerumani. Walutheri wa Misheni ya Leipzig, ya Ujerumani, wakafungua kituo Kidia mwaka 1896. Anayeandika kwamba "Injili ilifika Old Moshi 1885" hajakosea, na anayeandika kwamba "usharika wa Kilutheri ulianza 1896" hajakosea pia. Anayekosea ni yule anayeandika kuwa usharika wa Kilutheri ulianza 1885. Meru nako, wamisionari Ovir na Segebrock waliuawa Akeri mwezi Oktoba 1896, na kituo cha kudumu kikaja kufunguliwa Nkoaranga mwaka 1902. Kwenu Machame njia imenyooka zaidi: Waleipzig walifika 1893, enzi ya Mangi Shangali, wakaweka kituo Nkwarungo. Kutoka hapo kazi ilisambaa migombani kwa shule ndogo za vijijini. Mwalimu mmoja mwenyeji, kibanda cha nyasi, watoto asubuhi na watu wazima wa mafundisho ya ubatizo jioni, na Jumapili kibanda hichohicho kikawa kanisa. Sharika nyingi za mlimani zilizaliwa hivyo, na hapo ndipo ugumu wenu ulipo, kwa kuwa shule ya kibanda haikuwekewa jiwe la msingi wala haikuandikiwa barua.

Mwanzo wenu, basi, uko kwenye kabati la usharika mama. Hili ndilo jambo ambalo kamati nyingi hulitambua zikiwa zimeshamaliza nusu ya muda. Mtaa haukuwa na kitabu chake cha ubatizo. Waliobatizwa kutoka kwenu kabla ya 1961 waliandikwa katika vitabu vya kule mlikotoka, na kama nako kulikuwa mtaa kabla ya kuwa usharika, rudini ngazi nyingine nyuma, hata ikibidi mpaka kituo chenyewe cha misheni. Mchungaji wenu amwandikie mchungaji mwenzake, nakala kwa Mkuu wa Jimbo, aombe ruhusa ya kusoma vitabu hivyo palepale ofisini. Msiombe kuvichukua. Kitabu kikishatoka kwenye kabati la usharika kurudi kwake ni bahati, na usharika wenye busara hautakipa mguu.

Ombeni vitabu vinne: ubatizo, kipaimara, ndoa na mazishi. Ongezeni daftari la Baraza la Wazee na kitabu cha mapato na matumizi, maana huko ndiko kuna bati, misumari na ugomvi. Kwa swali la 1926, anzeni na ubatizo.

Kitabu cha zamani cha ubatizo kwa kawaida kina safu za namba, tarehe ya ubatizo, jina la kuzaliwa, jina la ubatizo, wazazi, kijiji, wadhamini, aliyebatiza, na maoni. Safu itakayowafaa ninyi ni ya kijiji, na huwa imejazwa kwa ufupisho au kwa alama ya "kama juu". Pitieni kuanzia 1920 hadi 1935, mhesabu kila mwaka ni wangapi walitoka kijijini kwenu. Mara nyingi sura yake huwa hivi: miaka kadhaa hakuna mtu au kuna mmoja mmoja, kisha ghafla wanaonekana wanane au kumi kwa siku moja, tena watu wazima. Kundi la namna hiyo ni darasa. Watu wazima hawakubatizwa siku walipojiandikisha. Mafundisho yalichukua muda mrefu, mara nyingi zaidi ya mwaka. Kwa hiyo mkikuta kundi la kwanza la kijiji chenu limebatizwa mwaka 1928, hapo 1926 ya wazee imepata nguvu: mwalimu alikuwa ameshafika na mafundisho yalikuwa yakiendelea. Mkikuta kundi hilo mwaka 1923, basi wazee wamewapunguzia umri. Mkilikuta 1933, kaeni nao tena mzungumze.

Safu ya "aliyebatiza" nayo isomwe kwa uangalifu. Jina la mmisionari pale halina maana kwamba alikaa kijijini kwenu. Alikuwa wa kituo, na waliobatizwa ndio waliopanda kwenda kwake.

Tarehe zina mtego wake. Wajerumani mara nyingi waliandika jina la Jumapili katika mwaka wa Kanisa badala ya siku na mwezi. Mkikuta "Rogate 1926", hiyo ni Jumapili ya tano baada ya Pasaka. Pasaka ya mwaka huo ilikuwa 4 Aprili, kwa hiyo Rogate ni 9 Mei 1926. "Kantate" ni wiki moja kabla yake, 2 Mei. "Pfingsten" ni Pentekoste, 23 Mei. "Trinitatis" ni Utatu, na "12. p. Trin." ni Jumapili ya kumi na mbili baada ya Utatu. Tafuteni kwanza tarehe ya Pasaka ya kila mwaka mnaousoma, muibandike ndani ya jalada la daftari lenu, kisha hesabuni majuma. Msikadirie. Pasaka inahama kwa zaidi ya mwezi mzima, na kosa la hesabu moja litawapeleka kwenye mvua badala ya kiangazi.

Mwandiko nao. Wamisionari wa zamani waliandika kwa hati ya Kijerumani ambayo hata vijana wa Kijerumani wa leo hawaisomi bila kujifunza. Herufi "e" inafanana na "n", na "u" imewekewa kikunjo juu ili isichanganywe na "n". Katika maandishi yaliyochapwa kwa herufi za kale, "s" ya katikati ya neno inafanana na "f", ndiyo maana mtu asiyejua anaweza kusoma Masama akaandika "Mafama". Majina ya mahali yalitamkwa Kijerumani na kuandikwa Kijerumani: Madschame, Moschi, Aruscha, Schira. Mkitafuta "Machame" kwenye orodha ya Ujerumani mkaambiwa hakuna kitu, tafuteni tena kwa "Madschame". Maneno machache yatawatosha kwenye rejista: "geb." ni amezaliwa, "get." ni amebatizwa, "gest." au alama ya msalaba ni amefariki. Jina lolote msilolisoma kwa hakika, lipigeni picha, mliweke pembeni na kuwaonyesha watu wawili kila mmoja peke yake. Wakitofautiana, andikeni kwenye kitabu kwamba halisomeki vizuri. Jina la kubahatisha likishachapwa litaingia kwenye ukoo wa mtu, na kulitoa humo ni kazi.

Watu wenyewe walikuwa na majina mawili au matatu: la kuzaliwa, la ubatizo, na la baba ambalo baadaye lilikaa kama la ukoo. Mtu mmoja anaweza kuonekana kwenye ubatizo kwa jina hili, kwenye ndoa kwa lile, na kwenye baraza kwa la tatu. Tengenezeni kadi moja kwa kila mtu mnayemfuatilia, majina yote juu yake, na msimhesabu mara tatu.

Daftari lisilo na tarehe lisiwakatishe tamaa. Fedha ina umri wake. Mpaka 1904, rupia ya Afrika Mashariki ya Kijerumani iligawanywa kwa pesa 64. Kuanzia mwaka huo ikawa heller 100, na neno hilo ndilo tunalolitamka mpaka leo, "hela". Shilingi ya Afrika Mashariki iliingia mwaka 1921. Hivyo ukurasa wa matoleo wenye rupia na heller umeandikwa baada ya 1904 na kabla shilingi haijashika, na kama ni wa kijiji chenu, 1926 imeanguka: ninyi ni wakubwa kuliko mnavyodhani. Angalizo moja: nazungumzia hesabu iliyoandikwa tarakimu kwa tarakimu. Mzee akisema "tulichanga rupia" hajakupa mwaka, maana majina ya fedha hukaa mdomoni muda mrefu baada ya sarafu yenyewe kwisha.

Jina la Kanisa lina umri pia, na hapa naomba mkaitazame upya ile barua ya 1961. KKKT ilizaliwa tarehe 19 Juni 1963, makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yalipoungana, Askofu Stefano Moshi akawa Mkuu wake wa kwanza. Kabla ya siku hiyo, ninyi mlikuwa chini ya Kanisa la Kilutheri la Tanganyika ya Kaskazini. Nchi yenyewe ilianza kuitwa Tanzania mwezi Oktoba 1964. Barua ya mwaka 1961 haiwezi kuwa na kichwa cha "KKKT" wala "Tanzania". Ikiwa nacho, mliyo nayo ni nakala iliyopigwa chapa upya baadaye, au mwaka umekosewa, na itabidi mtafute uamuzi wenyewe katika kumbukumbu za vikao vya Kanisa vya wakati huo, ofisi ya dayosisi. Kinyume chake hakina shida: ofisi hutumia karatasi za zamani mpaka ziishe, kwa hiyo kichwa cha karatasi kinaweza kuwa kikongwe kuliko barua. Hakiwezi kuwa kichanga kuliko barua.

Kuna pengo mtakalokutana nalo, nalo lina maelezo yake. Waingereza waliingia Moshi mwezi Machi 1916. Mwaka 1920 wamisionari Wajerumani walifukuzwa. Walibaki wachache wenye asili ya Baltiki, ambao hawakuhesabiwa Wajerumani. Wamarekani wa kanisa la Kilutheri la Augustana walikuja kushika nafasi kuanzia 1922, na Waleipzig wakaanza kurudi kuanzia 1925, Wamarekani wakahamia Iramba na Singida. Katika miaka hiyo vitabu hubadilika mwandiko na lugha, Kijerumani kinakwisha, Kiswahili au Kimachame kinaingia, mahali pengine Kiingereza. Kuna kurasa zilizoachwa wazi. Msiandike kwamba "kazi ilisimama". Aliyekuwa akifundisha, akizika, akitunza ufunguo na kukusanya matoleo ni mwalimu mwenyeji na wazee wake, na kwa kuwa hawakuwa na mamlaka ya kubatiza, safu ya ubatizo inaonekana kavu wakati kanisa limejaa. Angalieni vitabu mara tu baada ya pengo. Idadi kubwa ya ubatizo mwaka mmoja au miwili baada ya mchungaji kupatikana ni ushahidi wa kazi iliyofanywa bila yeye. Pengo la pili ni 1940 na kuendelea, Wajerumani walipowekwa kizuizini tena. Hilo huwa dogo, kwa kuwa mwaka 1934 Kilimanjaro ilikwisha kupata wachungaji wake wa kwanza wenyeji, na safari hii kulikuwa na mtu wa kubatiza.

Kwa mtazamo wangu, 1926 ya wazee wenu inaangukia pazuri. Waleipzig wanarudi, shule za vijijini zinafufuliwa, na kahawa inaanza kuweka senti mifukoni, maana chama cha kwanza cha wakulima wa kahawa wa Kichagga, KNPA, kiliundwa mwaka 1925. Kufaa kwa mazingira si ushahidi, lakini kunatosha kuwafanya muitafute kwa bidii.

Sasa jiwe. Jiwe la msingi hutaja siku ya kuwekwa jiwe. Kazi yenyewe huweza kuchukua miaka minne mvua na fedha zikikataa, na ibada ya kuweka wakfu ikaja baadaye kabisa. Tena jiwe lenu huenda ni la jengo la pili au la tatu: la kwanza la nguzo na nyasi, la pili la fito na udongo, la tatu la mawe na bati. Nendeni kwenye kitabu cha matumizi cha usharika mama, 1932 hadi 1938, mtafute bati, saruji, chokaa, malipo ya fundi na michango ya mawe. Mkiona bati zimenunuliwa 1936, mna tarehe ya paa. Chunguzeni pia kama jiwe limehamishwa. Waashi wa upanuzi hupenda kulitoa jiwe la zamani na kulipachika kwenye ukuta mpya. Saruji inayolizunguka ikiwa tofauti na ya ukuta, ulizeni.

Kama mna kengele ya zamani, pandeni mnarani na chaki. Pakeni ubapa wa chaki juu ya herufi zilizotokeza, mpige picha mwanga ukitoka ubavuni. Kengele nyingi za chuma za Ujerumani zina jina la kiwanda, kwa mfano Bochumer Verein, pamoja na mwaka. Mwaka huo ni wa kusubiwa chuma kiwandani. Kengele ilisafiri, ikatumika kituoni, na huenda mlipewa ninyi usharika mama uliponunua kubwa zaidi. Kamati iliyochukua mwaka wa kengele ikaufanya mwaka wa usharika imejiongezea miaka kumi au ishirini ya bure.

Mazungumzo na wazee yafanyike baada ya kusoma vitabu, ili muwe na la kuwakumbusha. Watu 12 hadi 15 wanatosha, saa moja hadi saa moja na nusu kila mmoja, na mrudi kwa kila mmoja mara ya pili. Nusu wawe wanawake. Mjane wa mwinjilisti anajua nani alilala wapi na nani alipika siku ya kuezeka. Mzee wa baraza anajua nani aliketi meza kuu. Mtafuteni pia aliyekuwa mpiga kengele na fundi aliyechonga madawati. Msiwakutanishe wazee watano chumba kimoja kwa mara ya kwanza, kwa sababu mkubwa akishataja mwaka, wengine wanne wataitikia kwa heshima, nanyi mtaandika kwamba mashahidi watano wamekubaliana.

Msimuulize mtu "ilikuwa mwaka gani?" Muulize alikuwa wapi katika maisha yake. Mama mmoja akisema bati lilipandishwa alipokuwa kwenye mafundisho ya kipaimara, mwombeni cheti chake, au mtafuteni kwenye kitabu cha kipaimara. Kinasema 1952? Basi bati hilo lilipandishwa 1951 au 1952, na halihusiani na jengo la 1934. Labda ni upanuzi. Vigingi vingine vya Machame ni KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, kuundwa 1933, uhuru 1961, Azimio la Arusha 1967, na shule za misheni kuchukuliwa na Serikali kati ya 1969 na 1970. Rika pia, kwa wakongwe. Na muulizeni kila anayetaja 1926: wewe ulilisikia kwa nani? Kama kanisa liliadhimisha miaka 50 mwaka 1976, itakuwapo ratiba ya ibada, picha au hata kitenge, na huo ni ushahidi kwamba mwaka 1976, wakati waliobatizwa mwanzoni bado wako hai, watu waliamini hivyo. Kama hakuna alama yoyote ya 1926 kabla ya miaka ya 1990, kuweni macho. Mwaka 1993 Dayosisi ya Kaskazini iliadhimisha miaka 100 ya Injili, sharika zikahimizwa kutazama historia zao, na tarehe nyingi za haraka zilipata umaarufu wakati huo. Vijitabu vya msimu ule viko kwenye masanduku ya wazee; vikusanyeni, lakini visomwe kama madai.

Ng'ambo, andikeni mapema kwa sababu majibu huchukua wiki nyingi. Nyaraka za Misheni ya Leipzig zimehifadhiwa katika taasisi ya Franckesche Stiftungen, mjini Halle. Za Augustana ziko kwenye hifadhi ya kanisa la Kilutheri la Marekani, ELCA, Elk Grove Village, Illinois. Picha nyingi za Waleipzig zinaonekana bila malipo katika maktaba ya kidijitali ya Chuo Kikuu cha Southern California. Tafuteni kwa tahajia zote mbili. Barua inayoomba "historia ya usharika wetu" itajibiwa kwa upole na bila faida. Ombeni taarifa za mwaka za kituo cha Madschame, 1925 hadi 1936, na orodha ya shule za nje za kituo hicho, mtaje jina la kijiji chenu kwa namna tatu lilivyoweza kuandikwa. Takwimu zao zilihesabiwa kwa kituo kizima. "Wakristo 3,000" wa Machame si wenu, na mkiwanakili mtakuwa mmewahesabu majirani zenu wote. Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zina mafaili ya Wajerumani na ya Waingereza. Huko mtafute ardhi na shule, mkiwa na barua ya utambulisho.

Na kuhusu ardhi, punguzeni maneno. Sentensi "ukoo fulani ulitoa kiwanja" imewahi kufufua kesi zilizolala miaka arobaini. Kiwanja kiliweza kutolewa na mangi, kubadilishwa kwa kihamba (shamba la ukoo) kingine, kununuliwa, au kuazimwa tu kwa ajili ya shule. Andikeni kile hati au daftari la baraza linachosema. Pasipo hati, andikeni kwamba kwa mujibu wa simulizi kiwanja kilitoka kwa ukoo huo, mpitishe aya hiyo kwa Baraza la Wazee kabla ya kuchapa. Safu ya "maoni" kwenye rejista ina mambo ya kutengwa, kurudishwa kundini, watoto wa nje ya ndoa na wake wa pili. Hesabuni kwa jumla mkitaka kueleza nidhamu ya wakati ule. Majina yabaki kabatini.

Kazi ya mikono: kurasa zipigwe picha kwa simu, kitabu kikiwa kimelazwa juu ya mito miwili midogo ili mgongo usikatike, mwanga wa dirishani, bila flashi, ukurasa mzima pamoja na kingo zake. Msipeleke rejista kwenye mashine ya fotokopi. Kuibana kifudifudi ndiko kunakokata nyuzi. Karatasi iliyochanika isitiwe selotepu, gundi yake hugeuka kahawia na kula wino. Iliyolowa ikaushwe kivulini, si juani. Picha za maandishi na picha za watu ziwe na majina yanayoeleweka, kama 1926_ubatizo_uk014. Nakala tatu: kompyuta ya usharika, diski ofisi ya dayosisi, na moja mtandaoni.

Kwa miezi kumi, gaweni hivi: mitatu vitabu, miwili na nusu mazungumzo, miwili na nusu kuandika, mmoja kusahihisha, mmoja kiwanda cha uchapaji. Watafiti watano, mwandishi mmoja. Kitabu kilichoandikwa na mikono mitano hujirudia na kujipinga. Kurasa 60 za A5, ukitoa picha, ni kama maneno 12,000. Idadi ya kurasa igawanyike kwa nne, pamoja na zile za mwanzo, la sivyo mtachapiwa kurasa tupu mwishoni. Orodha ya wachungaji wekeni nyuma, na mbele yake orodha ya walimu na wainjilisti, hata kama wengine mtapata jina moja tu. Kwa miaka 35 ya mwanzo, kama hesabu ya wazee ni ya kweli, hao ndio waliokuwa usharika wenu. Mswada ukikamilika, wekeni nakala mbili zilizochapwa ofisini kwa Jumapili tatu, kalamu nyekundu kando, mtangaze ibadani. Makosa ya majina yatajitokeza hapo, bure, kabla ya kiwanda.

Mwezi wa nne ukiisha, amueni jalada. Kama rejista imeonyesha kundi la ubatizo kati ya 1927 na 1929, andikeni "1926" bila woga, na ndani mweleze tarehe hiyo ni ya kuanza mafundisho, 1934 ni ya jiwe, 1961 ni ya kuwa usharika. Kama hamkupata kitu, andikeni "tangu katikati ya miaka ya 1920", mfanye ibada yenu ya shukrani mwaka huohuo mliopanga, na nafasi ya tarehe kwenye kile kibao cha marumaru muiache kwanza bila kuchongwa.